Flashi tatu, waya hakuna, na picha ambayo hakuipiga yeye

Kuna jamaa mmoja wa Tabata, miaka 27, mpiga picha wa harusi na send-off. Ukimkuta Jumamosi mchana anapakia vitu kwenye Bajaji utadhani anahama nyumba. Stendi tatu, miavuli miwili, softiboksi moja iliyokunjwa kama mwavuli uliovunjika, begi la kamera, na kopo la plastiki limejaa betri za kuchaji. Betri zile anazihesabu kama mama muuza maandazi anavyohesabu chenji, kwa sababu kila flashi inakula nne, na nne nyingine lazima zikae pembeni zikisubiri zamu.

Hakuanza hivyo. Miaka minne nyuma alikuwa na kamera ya mkono wa pili na flashi moja juu ya kichwa cha kamera, anapiga kama wengine wote. Unazijua hizo picha, mdau, na labda unazo kwenye simu: paji la uso linang'aa kama sufuria mpya, nyuma kuna kivuli cheusi kimekatwa kama kwa mkasi, na bibi harusi ambaye shingo ni kahawia lakini uso ni mweupe pee. Huo weupe wengi wanamlaumu mtu wa mekapu. Kumbe poda nyingi zina chembe zinazorudisha mwanga kule kule ulikotoka, na mwanga ukitoka juu ya kamera unarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Kwenye kioo cha saluni dada alikuwa kapendeza. Kwenye picha kawa kama amemwagiwa unga wa ngano.

Dada mmoja ndiye aliyemfanya abadilike. Alizipokea picha za kitchen party yake, akazitazama zote kimya, halafu akamwandikia WhatsApp: "Kaka, mimi ni mweusi na ninajipenda hivyo. Huyu mwanamke uliyempiga simjui." Hakudai hela yake. Hakusema kingine. Jamaa anasema angetukanwa ingekuwa nafuu.

Basi akazama mtandaoni. Kuna Mmarekani anaitwa David Hobby, alikuwa mpiga picha wa gazeti, mwaka 2006 akaanzisha blogu ya Strobist kufundisha watu kitu kimoja tu: iondoe ile flashi ndogo juu ya kamera, iweke pembeni, halafu iwashe kwa mbali. Watu kibao duniani wamejifunzia pale bure. Kijana wa Tabata alikuwa anasoma usiku kwa bando la chuo, kamusi pembeni.

Siri yenyewe si kubwa. Mwanga ukitoka pembeni, uso unapata umbo. Pua inaonekana pua, shavu linaonekana shavu. Ngozi nyeusi ndiyo inafaidi zaidi, maana uzuri wake mwingi uko kwenye mng'ao, ile mistari ya mwanga inayopita juu ya shavu na bega. Ukiipiga usoni kwa flashi ya mbele unaua mng'ao wote unabaki na jasho. Ukiweka taa kubwa, laini, upande wa kushoto, hatua mbili tatu kutoka kwa mtu, ngozi inaamka yenyewe. Hakuna filta, hakuna kumfanya mtu mweupe kwa kompyuta.

Waya hakuna. Juu ya kamera unakaa mtambo mdogo, mafundi wanauita triga, unatuma mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth. Flashi zilizoko mbali zinasikia na kuwaka kamera inapofungua jicho. Zamani ilibidi flashi ionane na flashi nyingine, ukiweka moja nyuma ya nguzo imekula kwako. Redio inapita nyuma ya nguzo, nyuma ya pazia, hata nyuma ya shangazi aliyesimama mbele yako na tableti yake akirekodi.

Jamaa alianza na flashi moja ya Kariakoo, ya pili akaipata kwa deni, ya tatu akainunua mwaka uliofuata baada ya msimu wa harusi wa Desemba. Akajifunza vitu ambavyo ukumbini hakuna anayekufundisha. Kwamba flashi ukiisogeza kutoka mita tatu hadi sita mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Kwamba kamera yake ikizidi kasi ya 1/200 bila kuwekewa mpangilio maalumu, nusu ya picha inakuwa na mkanda mweusi. Kwamba taa za njano za ukumbi zinataka kikaratasi cha plastiki cha rangi ya chungwa mbele ya flashi, la sivyo watu wanakuwa bluu na ukuta unakuwa chungwa. Na kubwa kuliko yote: zile taa za zambarau na kijani za DJ, ambazo zinamfanya mama mkwe aonekane amekula kitu kibaya, unaweza kuzifuta kabisa. Unakaza kasi, unashusha ISO, unabana tundu la lenzi, ukumbi mzima unakuwa giza machoni pa kamera. Kinachobaki ni mwanga wako mwenyewe.

Hapo ndipo alipojiona fundi. Na kweli alikuwa fundi, picha zake zilikuwa moto. Bei ikapanda, mafolowa wakaongezeka. Akaanza kuwaangalia wapiga picha wengine kwa jicho la pembeni.

Hasa yule mzee.

Kila anayefanya kazi kwenye kumbi za Dar anamjua mzee wa aina hii. Haajiriwi na kamati. Anaingia kwa kujuana na walinzi, shati limenyooshwa, kamera ya zamani, flashi juu, na mbele ya flashi kafunga kipande cha karatasi nyeupe kwa raba bendi. Anapiga wageni meza kwa meza, kijana wake anakimbiza kadi nje kwenye printa inayovuta umeme wa jirani, na baada ya saa moja picha zimepangwa mezani getini. Ukitoka unajiona umekaa na soda, unacheka mdomo wazi. Unanunua. Nani ataacha sura yake getini?

Kijana alikuwa anamsalimia, "Shikamoo mzee," anaitikiwa, "Marahaba, kijana wa taa," basi. Moyoni alimwona kama kitu cha enzi ya kaseti.

Jumamosi moja kulikuwa na send-off Mbezi Beach. Kamati ya watu wenye hela, mapambo kuanzia getini, MC wa gharama. Baba wa bibi harusi alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, kaka yake bibi harusi anamsukuma. Kwenye ratiba ilikuwa imeandikwa kwamba binti atampelekea baba keki, atapiga magoti, atamlisha. Kijana akajipanga. Flashi A kulia kwa jukwaa ndani ya softiboksi, B kushoto kwa nguvu ndogo, C nyuma ya meza kuu kuchora mstari wa mwanga kwenye mabega. Akaweka 1/200, f/5.6, ISO 400. DJ alikuwa na zambarau nyingi sana siku hiyo. Akapiga picha za majaribio, safi kabisa, kama jarida.

Alichokuwa hakijui ni kwamba upande wa wakwe walikuja na mpiga picha wao. Naye ana flashi mbili kwenye stendi, mfumo wa aina ile ile, na naye hajawahi kugusa mipangilio tangu autoe kwenye boksi. Chaneli 1, kundi A. Kama ya kijana. Mfumo wenyewe una chaneli 32, na juu yake kuna namba ya ID unayoweza kujiwekea ili usigongane na jirani. Vyote viwili viko kwenye kijitabu cha maelekezo. Nani anasoma kijitabu?

Binti akapiga magoti. Keki ikapelekwa mdomoni. Ukumbi ukashangilia, na mpiga picha wa wakwe akaanza kuwapiga wakwe wakishangilia, mfululizo, pa pa pa pa. Kila alipobonyeza, flashi za kijana nazo ziliwaka, zinapiga hewa, zinamaliza chaji. Flashi ndogo ya betri nne ikishapiga kwa nguvu inahitaji sekunde mbili tatu kujijaza. Bila kujazwa ni stendi tu yenye boksi juu.

Na katika sekunde hizo baba akasimama.

Haikuwa kwenye ratiba. Akashika mkono wa kiti, akajisukuma, mwanawe akataka kumshika, mzee akamkatalia kwa kichwa. Akasimama peke yake. Akaweka mkono wake mmoja, ule mzima, juu ya kichwa cha binti aliyepiga magoti, na midomo ikawa inatembea. Mama wa bibi harusi alikaa chini pale pale alipokuwa, sakafuni, na gauni lake la vitambaa vya bei. MC alinyamaza. Hebu fikiria, MC wa Dar kanyamaza.

Kijana alibonyeza mara kumi na moja. Picha kumi ni nyeusi, unaona kwa taabu taa mbili za zambarau kwa mbali. Ya kumi na moja imeshika flashi C peke yake, ile ya nyuma: mstari mwembamba wa mwanga kwenye bega la baba, na mbele ni shimo. Kama angekuwa ameacha mwanga wa ukumbi uingie, picha zingekuwa na zambarau yao, mbaya, lakini zingekuwepo. Yeye alikuwa ameuzima ukumbi kwa mkono wake. Usiku ule alijaribu kuzivuta kwenye kompyuta, faili za RAW, stopu tano na ushee. Akapata kitu kama mchanga wenye umbo la mtu.

Baba alisimama muda wa kuhesabu kumi, labda kumi na mbili, kisha mwanawe akamrudisha kitini.

Saa sita usiku kijana akatoka getini na stendi zake begani, na pale mezani, katikati ya picha za watu na soda zao, akaiona. Baba kasimama. Mkono kichwani kwa binti. Macho yamefumbwa, machozi shavuni, paji linang'aa, na pazia la mapambo nyuma lina kivuli cheusi kikali cha mwanamume aliyesimama. Mzee alikuwa ameigeuza kamera wima, flashi ikawa upande, kivuli kikaangukia pembeni. Flashi moja, karatasi, raba bendi. Shangazi wawili walikuwa wanagombea nakala.

Kuna mtu Mali aliitwa Malick Sidibé. Miaka ya sitini alikuwa anazunguka usiku kwenye dansi za vijana wa Bamako, kamera moja, flashi juu, mwanga wa usoni moja kwa moja, halafu anabandika picha nje ya studio yake watu waje kujitafuta. Kivuli kikali kwenye picha zake hakikumzuia kupewa Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2007, mpiga picha wa kwanza kupewa. Kijana alikuwa analijua jina hilo. Alishawahi hata kuposti picha yake ile ya Krismasi ya 1963, vijana wawili wakicheza. Hakuwahi kuliunganisha na mzee wa getini.

"Mzee wangu, naomba faili la hii."

"La nini? Wewe una taa tatu."

Ikabidi aseme. Mzee hakucheka. Alimtazama tu, akataja elfu ishirini, akatumiwa kwenye simu pale pale, akatuma faili WhatsApp kama dokumenti ili lisibanwe. Akasema, "Ya kwako hiyo. Kafanye kazi."

Sasa hayo maneno mawili, "ya kwako", ndiyo yaliyoleta balaa.

Nyumbani kijana akaifungua. Akapunguza mng'ao wa paji. Akaweka joto kidogo kwenye rangi. Akaufuta mwanga wa zambarau kwenye ukingo wa gauni. Halafu akakifuta kile kivuli, saa nzima ya kazi, akalijenga upya pazia nyuma mpaka hakuna dalili. Ikawa picha laini, ya heshima, inafanana na kazi zake. Akaweka nembo yake kona ya chini kulia. Akaiingiza kwenye albamu. Jumatano akaiposti.

Wadau, picha ilikimbia. Watu walilia kwenye komenti. Kurasa kubwa zikaichukua. Watu wakaulizana kuhusu baba zao. Na katikati ya vilio, wapiga picha wenzake wakauliza swali lao la siku zote: "Bro, lighting hapa umefanyaje?"

Angeweza kunyamaza. Akajibu: "Flashi tatu off-camera, softiboksi kulia." Akaweka na ka-emoji ka moto.

Oda mbili zikaingia kabla ya Ijumaa, moja ya Dodoma, na nauli juu.

Jumapili binti mmoja wa chuo akaandika, kwa adabu kabisa: "Samahani kaka, hii si ndiyo picha aliyopiga babu yangu? Ninayo nyumbani." Chini akaweka picha ya nakala iliyochapishwa, kivuli chake kamili, kona imekunjwa. Mnajua watu wa Insta. Ndani ya nusu saa jamaa ameitwa mwizi, tapeli, mnyonyaji wa wazee. Wengine wakamtetea: alinunua faili, mzee kasema ya kwako, shida iko wapi? Wengine wakauliza kama na picha zake za nyuma ni zake. Hiyo ndiyo iliyomchoma, maana za nyuma zilikuwa zake kweli.

Akafuta jibu la softiboksi. Kosa. Watu walishapiga skrinishoti.

Akaenda Magomeni, kwa mzee, na kilo mbili za sukari, hajui hata anakwenda kusema nini. Alimkuta barazani anasafisha lenzi kwa kipande cha fulana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, kijana wa taa. Naambiwa tumekuwa maarufu."

Akaanza kuomba radhi, mzee akamkata. Jina halikuwa linamsumbua, alisema, miaka thelathini na zaidi anapiga picha na hakuna aliyewahi kuandika jina lake chini ya hata moja, watu wanataka sura zao. Elfu ishirini ni bei aliyoitaja mwenyewe. Kisha akauliza, "Ila kivuli ulikifuta cha nini?"

"Kilikuwa kinaharibu, mzee."

"Mwanangu, kiti kiko nje ya picha. Mwanawe yuko nje ya picha. Mtu atajuaje kwamba hakuna aliyemshika? Pale ukutani ndipo anaonekana kasimama peke yake."

Kijana akaitoa simu, akaziweka picha mbili pamoja. Ya mzee na ya kwake. Kwenye ya kwake baba angeweza kuwa amekaa kwenye stuli ndefu, angeweza kuwa ameegemezwa kwapani na mtu aliyekatwa ukingoni. Kwenye ya mzee kivuli kilishuka mpaka karibu na sakafu, mtu mmoja, na nafasi tupu pande zote mbili.

Usiku huo akabadilisha kapsheni. Akaandika nani alipiga, akaandika kwamba flashi zake hazikuwaka na kwa nini, chaneli 1 na yote, akaweka na moja ya zile picha nyeusi watu waione. Akampigia bibi harusi kabla hajaiposti. Dada alikuwa kimya muda mrefu, halafu akasema mama yake alishaiulizia ile picha nyingine tangu wiki iliyopita, ile ya getini, kwa sababu ile ya kwenye albamu "siyo baba". Walidhani ni macho ya mama. Akadai albamu ichapishwe upya kwa gharama ya kijana, na ikachapishwa.

Komenti zikagawanyika kama kawaida. Wapo waliosema kajisafisha kwa sababu kakamatwa, na huwezi kuwaambia wanakosea.

Sasa hivi anatembea na flashi nne. Ya nne inakaa juu ya kamera yenyewe, imezimwa, na kabla ya tukio lolote kubwa anaiwasha kwa nguvu ndogo na kuacha mwanga wa ukumbi uingie kidogo, zambarau na zote. Chaneli yake ni ya ishirini na kitu na kila akifika ukumbini anawatafuta wapiga picha wengine, anawauliza wako ngapi. Wengine hawajui anaongea nini, inabidi ashike triga zao awaonyeshe.

Ile oda ya Dodoma ilibaki kimya siku tatu. Akampigia mteja mwenyewe, akamweleza wazi kwamba picha iliyomvutia haikuwa yake, kama anataka kubadili mawazo hela ya awali atarudishiwa. Mteja, mama mtu mzima, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Asante kwa ukweli, mwanangu," akasema. "Sasa huyo mzee anapatikana wapi?"

Akamtumia namba.